Polisi akikuomba kitambulisho Zanzibar: umjibu vipi, na mamlaka yake yanaishia wapi

Wengi wetu tukiambiwa "toa kitambulisho" tunafanya moja kati ya mawili, ama tunatetemeka tunatoa kila kitu mpaka simu na paswedi yake, ama tunapandisha mori tunaanza kubishana pale pale njiani mbele za watu. Yote mawili yanatuumiza. Naandika haya kwa watu wa Unguja na Pemba na pia kwa ndugu zetu wa Bara wanaokuja kufanya kazi mahotelini Nungwi, Kiwengwa na Paje, mana wao ndo wanasimamishwa sana usiku wakitoka shifti na mara nyingi hawajui waseme nini.

Jambo lenyewe ninalotaka ulichukue ni hili: mamlaka ya polisi ya kukudai kitambulisho yanakwenda na sababu. Sababu ikiwepo toa bila ya ubishi, sababu kama huijui iulize kwa adabu, na ukishaijua utaelewa pia anaishia wapi.

Nani huyo aliekusimamisha

Kabla hujajibu chochote angalia nani yuko mbele yako. Polisi ni jambo la Muungano, yani Jeshi la Polisi ni moja, askari wa Madema na askari wa Temeke mwajiri wao mmoja. Uhamiaji nao ni Muungano, lakini kazi yao ni uraia na vibali, hawashughuliki na wizi wa kuku. Halafu kuna vikosi vya SMZ, yani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar: KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto, Chuo cha Mafunzo (ndo magereza yetu), kila kimoja kina sheria yake na kazi yake, na wakati mwengine utawaona wako pamoja na polisi kwenye doria. Kuna watu wa Manispaa na Baraza la Mji wanaoshughulikia biashara na usafi. Na kuna walinzi wa kampuni wanaokaa getini, hao wana haki ya kukwambia "huingii bila kitambulisho" kwa sababu mlango ni wa mwajiri wao, lakini ukiamua kugeuza ukaenda zako hawana la kukufanya.

Askari wa yunifomu ana namba yake kifuani au begani, isome uikariri, huna haja ya kumwambia kwamba unaisoma. Askari kanzu ndo mtihani, mana amevaa suruali na fulana kama wewe. Huyo una haki kabisa ya kumuomba akuoneshe kitambulisho chake cha kazi kabla hujampa chako, na askari wa kweli hakasiriki kwa hilo, anakitoa. Matapeli wanaojifanya polisi wapo, na njia yao ni moja tu, wanakuvuta pembeni kwenye kiza haraka haraka. Ukiona mtu hataki kujitambulisha na anakulazimisha uingie kwenye gari isiyo na alama, sogea penye taa na watu, sema kwa sauti kwamba uko tayari kwenda kituoni kwa miguu yako, na mpigie mtu simu hapo hapo.

Sheria ya Bara na sheria ya Zanzibar

Hili linawachanganya watu mno kwa sababu ya zile vidio za mawakili zinazozunguka watsap. Wakili yuko Dar es Salaam, anasema vizuri sana, anataja kifungu cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai Sura ya 20, kijana wa Mtoni anakihifadhi, siku akisimamishwa anakitoa kama risasi. Sheria ile ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za jinai, tuna Mahakama Kuu yetu na Mkurugenzi wa Mashtaka wetu, na sheria zinazotuhusu ni sheria ya mwenendo wa jinai Namba 7 ya 2018 na sheria ya adhabu Namba 6 ya 2018, zote zimepitishwa na Baraza la Wawakilishi. Misingi mingi inafanana, lakini ukimtajia askari wa Malindi kifungu cha Bara umeshapoteza hoja yako hapo hapo, na yeye ameshajua kwamba unarusha maneno tu.

Ambacho hakibadiliki ukivuka bahari ni katiba. Katiba ya Zanzibar ya 1984 kifungu cha 14 kinalinda haki ya mtu kuwa huru, inasema mtu hakamatwi wala hafungiwi isipokuwa kwa hali na utaratibu uliowekwa na sheria. Kifungu cha 15 ni faragha, yako, ya familia yako na ya maskani yako. Cha 16 ni uhuru wa kwenda utakako. Katiba ya Muungano ya 1977 ina mambo hayo hayo kwenye ibara za 15, 16 na 17. Huna haja ya kuzisoma kwa sauti barabarani, inatosha kujua kwamba zipo na kwamba ndo msingi wa lile suali lako la "kuna tatizo gani afande".

Wakati gani anaweza kukudai

Tutenganishe kwanza kuuliza na kudai. Kuuliza anaweza kumuuliza mtu yeyote, askari akipita baraza ya kahawa akasema "vipi vijana, nyie wa hapa hapa?" hajavunja sheria yoyote, na ukimjibu vizuri mambo yanaishia kwenye kikombe cha kahawa. Kudai ni pale anapokwambia toa, na huondoki mpaka utoe. Kukuzuia usiondoke hakuwi hivi hivi, kunataka sababu ya kisheria.

Sababu kubwa ni shaka ya kosa. Kama kuna kosa limefanyika au linafanyika na askari ana sababu ya maana ya kukuhusisha nalo, anaweza kukutaka jina na anuani yako. Na sheria za namna hii tokea zama za mkoloni zina kipengele hichi ambacho watu hawakijui: mtu aliefanya kosa mbele ya askari, hata kosa dogo ambalo kwa kawaida halikamatiwi bila waranti, akikataa kutaja jina na anapoishi, au akataja jina ambalo askari ana sababu ya kuamini ni la uongo, anaweza kukamatwa ili tu ajulikane ni nani. Kwa hivo mtu anaekojoa ukutani akaambiwa jina lako nani, akasema "halikuhusu", amejikamatisha mwenyewe.

Shaka lazima iwe na kitu cha kuonekana au kuelezeka. Kumeibiwa duka Mwanakwerekwe saa mbili usiku, mashahidi wamesema kijana mwenye fulana nyekundu kakimbilia upande wa Jitimai, wewe una fulana nyekundu na unahema, hapo askari akikusimamisha ana sababu. Lakini kuwa na rasta, kuwa na lafudhi ya Bara, kuwa kijana wa maskani, kutembea na mtalii, hivyo peke yake havitoshi kuwa kosa wala shaka ya kosa. Najua vinatumika. Nasema havitoshi ili siku ikifika kuandika malalamiko ujue cha kuandika.

Sababu ya pili ni usukani. Hapa hakuna mjadala mrefu. Ukiendesha gari, vespa au honda, trafiki mwenye yunifomu anaweza kukusimamisha na kutaka leseni, sheria ya usafiri wa barabarani Namba 7 ya 2003 inampa nguvu hiyo, pamoja na kuangalia bima na karatasi za chombo. Hahitaji kukushuku kwa lolote. Ila abiria si dereva. Kama uko ndani ya daladala ya Bububu au gari ya shamba na trafiki anamalizana na dereva, shughuli ni yao wawili, na akigeuka akaanza kukukagua wewe abiria basi tumerudi kwenye sababu ya kwanza, aseme shaka iko wapi. Wageni wanaokodi vespa wawe na kibali cha kuendesha cha Zanzibar, leseni ya kwao peke yake inawaletea tabu kila kizuizi, na wenye kukodisha vyombo wanajua pa kukichukua, muulizeni kabla hamjatoa pesa.

Sababu ya tatu ni mahali. Bandarini Malindi, bandari ya Mkoani na ya Wete, uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume na ule wa Pemba, mahakamani, kwenye majengo ya serikali, huko utaratibu ni kujitambulisha na ukikataa huingii. Boti nayo ni hivo hivo, jina lililo kwenye tiketi liwe ndo la kwenye kitambulisho. Watu wanalalamika kuhusu hili, mimi silalamiki hata kidogo. Anaekumbuka MV Spice Islander ya tarehe 10 Septemba 2011 na MV Skagit ya tarehe 18 Julai 2012 anajua maana ya abiria kupanda bila kuandikwa, jamaa wanasimama ufukweni hawajui hata kama mtu wao alikuwemo. Toa kitambulisho, andika jina lako sawa sawa, na usimpe mtu tiketi yenye jina lako.

Kuna na hali nyengine ndogo ndogo: umeshuhudia ajali na askari anataka jina lako kama shahidi, umekwenda kituoni kumuona mtu wako, unataka kumdhamini mtu. Hizo hazina ugomvi.

Unavosema ndo kila kitu

Nimekaa sana baraza moja pale Mkunazini, na usiku mmoja wa Ramadhani, watu washatoka tarawehe wako kwenye dhumna, doria ikapita. Kijana mmoja alipoona taa tu akanyanyuka ghafla mkono ukaingia mfukoni. Askari mmoja akarudi nyuma hatua, mwenziwe akaelekeza tochi usoni kwa yule kijana, na mtu mzima aliekaa karibu akasema taratibu "mwanangu toa mkono pole pole, afande huyu anatoa kitambulisho." Alichokuwa nacho ni pochi. Lile neno moja lilipoza kila kitu, wakaulizana majina, wakaagana kwa salamu. Kwa hivo kabla hujatia mkono mfukoni sema kwanza, "afande natoa kitambulisho, kipo mfuko huu". Mikono ionekane. Hili ni la usalama wako kuliko la sheria.

Mazungumzo yenyewe yawe mafupi, mfano hivi:

— Salaam alaykum. Kitambulisho.
— Waalaykum salaam afande. Sawa, ninacho. Samahani, kuna tatizo lolote?
— Tunakagua tu.
— Hamna neno afande. Mimi naitwa fulani, nakaa shehia ya Kikwajuni, natoka kazini. Naweza kwenda?

Hilo suali la mwisho, "naweza kwenda?", ni muhimu kuliko yote na watu hawaliulizi. Akisema nenda, nenda, usibaki kuhadithia. Akisema huondoki, uliza kwa sauti ile ile ya chini, "kwa hivo nimekamatwa afande? kwa kosa gani?" Sasa umemfanya ataje sababu, na mtu aliekamatwa ana haki ya kuambiwa kwa nini amekamatwa. Ukishaambiwa usibishane tena hapo njiani hata kama unajua ni uonevu, mana kumzuia askari na kazi yake ni kosa jengine kamili, na utakwenda kushtakiwa kwa lile la pili wakati la kwanza halikuwepo.

Usidanganye jina. Usitoe kitambulisho cha kaka yako mnaefanana. Kumpa taarifa za uongo mtumishi wa serikali ni kosa, kutumia kitambulisho cha mtu mwengine ni kosa, na cha kughushi ndo usiseme. Kunyamaza kuhusu mambo mengine unaweza, "afande hilo naomba nizungumze nikiwa na wakili au jamaa yangu", hilo ni sawa. Jina na unapoishi toa.

Na kitambulisho ni kitambulisho. Kukitoa hakuna maana umeruhusu begi lipekuliwe au simu ifunguliwe watsap isomwe. Ukiambiwa fungua simu, uliza kwa upole ni kwa kosa gani, na sema wazi kwamba hujaridhia. Usimnyang'anye mkononi. Sema tu hujaridhia, kumbuka saa, kumbuka namba yake, mengine yatasemwa mbele ya wakubwa wake. Upekuzi wa mwili wa mwanamke unafanywa na mwanamke mwenziwe na kwa stara, hili ni sheria na wala si hisani, kina dada na kina mama msikubali kupapaswa na askari mwanamme eti kwa sababu hakuna mwanamke kwenye doria. Mwambieni twende kituoni, huko atapatikana.

Kitambulisho gani kinakubalika

Mzanzibari mkaazi anasajiliwa akifika miaka 18 na anapewa kile tunachokiita Zan ID, utaratibu ulianza na sheria Namba 7 ya 2005 na sasa unasimamiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii uliotokana na sheria ya 2018. Hicho ndo kinachotambulika haraka kuliko vyote hapa kwetu. NIDA ni ya taifa zima, ile yenye namba 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, na ndo uliyosajilia laini yako ya simu kwa alama za vidole. Leseni, pasipoti, kadi ya mpiga kura, kitambulisho cha kazi au cha skuli, vyote vinasaidia kuonesha wewe ni nani, ila cha kazi na cha skuli ni dhaifu.

Mimi nashauri tembea na cha asili kimoja na kingine kiache nyumbani, ukipoteza pochi usipoteze vyote. Na piga picha kila kimoja, mbele na nyuma, utume kwa mtu wako wa karibu. Picha ya kwenye simu haichukui nafasi ya kadi lakini askari mwenye akili akiona namba na sura vinalingana mara nyingi anaridhika.

Huna kitambulisho wakati huo? Usikimbie. Narudia, usikimbie, mana kukimbia ndo kunazaa ile shaka ambayo haikuwepo. Taja jina kamili, shehia, jina la sheha wako (yule kiongozi wa serikali wa shehia, yani wa mtaa au kijiji chako), na mtu anaeweza kuja kukutambua. Hapa Zanzibar sheha ni nguzo, ana daftari la wakaazi wake, na kila mtu mzima anatakiwa awe na namba ya simu ya sheha wake kama alivyo na ya mama yake. Nimeona watu wanaachiwa kwa simu moja tu ya sheha, "naam, huyu mwanangu, namjua, mlete." Ukiambiwa lazima uende kituoni ukatambuliwe, nenda, na mtumie mtu ujumbe mfupi: niko na polisi, tunakwenda kituo fulani, namba ya askari ni hii.

Wa Bara na wageni

Mtanzania wa Bara akiwa Zanzibar yuko nchini kwake. Hahitaji pasipoti, NIDA yake inatosha, na askari akimwambia "hii si Zan ID" ajibu kwa heshima kwamba yeye ni mkaazi wa mkoa fulani, yuko hapa kwa kazi au matembezi, na anakaa kwa nani. Ila hapo mwisho ndo pana kasoro: wengi wanakuja wanapanga chumba Kinuni au Nungwi miezi na miezi sheha hata hajui kama wapo. Nenda kajitambulishe kwa sheha siku za mwanzo, chukua NIDA yako na aliekupangisha. Ni nusu saa tu, na siku ukisimamishwa usiku kuna mtu atakaesema anakujua. Na wenye nyumba nanyi acheni uvivu, mgeni wako ni dhamana yako.

Mgeni wa nje ya nchi ni jambo tofauti kidogo, yeye kuwepo kwake kunategemea viza au kibali, kwa hivo Uhamiaji wana haki ya kutaka kuona pasipoti na muhuri wake, hata hotelini, hata kazini. Wenye hoteli na mabichiboi wanaowatembeza wageni, waambieni wabebe kopi ya ukurasa wa picha na ukurasa wa muhuri, pasipoti yenyewe ibaki hotelini penye sefu, na namba ya mapokezi wawe nayo. Mwajiri asishike pasipoti ya mfanyakazi wake kabatini, likija swala la ukaguzi mwenye tabu ni yule mfanyakazi.

Na watoto? Aliye chini ya miaka 18 hana Zan ID, asidaiwe asichokuwa nacho. Tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, mtoto akichukuliwa mzazi au mlezi ajulishwe na asichanganywe na watu wazima. Mfundishe mwanao akariri jina lake kamili, jina la baba, shehia na namba moja ya simu. Hizo kofia za kushusha usoni usiku nazo zungumzeni nyumbani.

Mkifika kituoni

Hakikisha umeandikwa kwenye daftari, jina, saa na kosa. Omba kumpigia jamaa au wakili. Usitie saini karatasi usiyoisoma, na kama macho hayaoni vizuri au maandishi ni ya kitaalamu omba usomewe. Msingi ni saa 24, ndani ya muda huo ama uachiwe, ama upewe dhamana, ama ufikishwe mahakamani, na kama ni kosa zito kama mauaji hapo mambo ni mengine. Dhamana ya polisi ni bure. Hakuna pesa ya mafuta ya gari wala ya karatasi. Mdhamini wako aje na kitambulisho chake na barua ya sheha, na aje amevaa vizuri, nasema kweli, mapokezi yanabadilika.

Ukiombwa kitu kidogo ili uachiwe, elewa kwamba kwa sheria ya rushwa anaetoa na anaepokea wote wamo. ZAECA, yani mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, ndo wenye kazi hiyo Zanzibar. Malalamiko ya kuonewa anza na mkuu wa kituo, kisha wilaya, kisha Kamanda wa Mkoa, na juu kabisa Kamishna wa Polisi Zanzibar pale Ziwani. Nje ya polisi kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilichoanzishwa 1992, wana ofisi Unguja na Pemba pia, Chake Chake, na wana wasaidizi wa sheria waliotawanyika mashehiani wanaokusaidia bila malipo. Barua yako iwe na tarehe, saa, mahali, namba ya askari, maneno aliyosema na majina ya walioona. Kurasa mbili za matusi kuhusu polisi wote hazisomwi, nusu ukurasa wenye saa na namba unasomwa.

Iandike usiku ule ule kabla hujalala. Ukisubiri wiki utakumbuka hasira tu, saa na namba zishapotea.

Kikishikiliwa au kikipotea

Askari akibaki na kitambulisho chako muulize kinabaki kituo gani, kwa nani na kwa sababu gani, na omba akuandikie hata kikaratasi. Kesho yake asubuhi fuata hapo hapo, nenda na mtu. Usikiache mwezi, mana Zan ID ndo inayotakiwa kwenye uandikishaji wa wapiga kura wa Zanzibar, benki, hospitali, kila pahala.

Kama umekipoteza mwenyewe, nenda polisi utoe taarifa ya upotevu, ile watu wanaita loss ripoti, siku hizi unaweza kuianza hata kwenye mtandao wa polisi ukapewa kontroo namba ukalipia kwa simu. Karatasi hiyo itembee na wewe kwa muda wote unaosubiri kadi mpya, ndo utakayoionesha ukisimamishwa. Halafu nenda kwa sheha akuandikie barua, ukimaliza peleka vyote viwili ofisi ya usajili ya wilaya yako pamoja na cheti cha kuzaliwa au ile kopi uliyoihifadhi kwenye simu. Kama ni NIDA, ofisi yao ya wilaya, na ukiwa na namba yako kichwani au kwenye simu kazi inakuwa nyepesi mno.